Mgeni wa Medali ya Hesabu

Hii habari nilikuwa nimeapa kwenda nayo kaburini, lakini juma lililopita nimemsikia mtu akiisimulia pale sokoni Matete, tena akiisimulia vibaya, akinipachika kitambi ambacho miaka ile sikuwa nacho, nikaona heri muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika. Ndiyo, ni mimi. Mwalimu Lutomia wa hesabu, yule yule. Chekeni sasa mmalize, kisha mnisikilize.

Ilikuwa ile miaka ya miwa. Wa umri wangu mnakumbuka Kabras ilivyokuwa, mahindi yaling'olewa miwa ikapandwa hadi mlangoni pa jikoni, trekta zikawa zinapita mchana kutwa na matela yaliyofurika, barabara zikageuka tope la magoti, na mtu uliyemjua na baiskeli mbovu ukimwona leo ana nyumba ya mabati na redio inayosikika ng'ambo ya mto. Shule yetu ya harambee nayo ilijengwa na hao hao wakulima wa miwa, madarasa manne na ubao mmoja wa maana (ule wa pili ulikuwa mlango uliopakwa rangi nyeusi). Mwalimu wa hesabu nilikuwa peke yangu, na kama kuna kitu nilijivunia kuliko suruali yangu ya terilini, ni kwamba nilijua habari za wakubwa wa hesabu duniani.

Kila chai ya saa nne nilikuwa nawahubiria walimu wenzangu. Mnajua ile tuzo kubwa ya Sweden, wanayopewa watu wa fizikia na watunzi wa vitabu? Haina hesabu! Hesabu imeachwa nje kama mtoto wa kambo! Ndiyo maana wanahisabati wakajitengenezea medali zao wenyewe, na mtu hapewi kwa kupita mtihani, hapana, anapewa kwa kujibu swali ambalo limewatoa jasho watu wote kabla hata babu yake hajazaliwa. Walimu walinisikiliza huku wakitafuna mihogo. Mwalimu wa Kiswahili aliniuliza siku moja, "Sasa hilo swali likishajibiwa, nani anashiba?" Sikumjibu, watu wengine si wa kujibiwa.

Basi siku moja mwalimu mkuu, Bwana Mukhwana, akaniita ofisini ameshika barua kutoka chuo kikuu. Mistari minne tu. Kwamba Profesa M. Halvik, mshindi wa medali ya dhahabu ya hisabati, yuko Nairobi kwa mihadhara, anataka kwenda kutazama ndege katika msitu wa Kakamega, na akiwa huku angependa kutembelea shule moja ya mashambani pamoja na mtu mmoja wa familia yake. Bwana Mukhwana akavua miwani. "Lutomia, huyu mtu unamjua?"

Hapo ndipo ningesema, "Nimesikia tu jina," mambo yakaisha salama. Lakini mdomo wangu huu! "Mkuu, kama namjua? Huyo picha yake niko nayo nyumbani!"

Na kweli nilikuwa nayo, sikudanganya lote. Rafiki yangu mmoja alinichania ukurasa wa gazeti la kigeni, na jina la Halvik lilikuwa chini ya picha, katikati ya maelezo ya Kifaransa (na Kifaransa mimi sijui hata salamu). Pichani kuna mzee mwenye ndevu nyeupe na mwanamke kijana, wote wawili wameshika kisanduku cha medali, wanacheka na kamera. Sasa niambieni nyinyi, mngesoma nini pale? Sisi huku siku ya kutoa zawadi mzee ndiye anapokea, na msichana ndiye anabeba sinia. Ndivyo nilivyozoea kuona tangu nivae kaptura. Nikaupeleka ukurasa ofisini, Bwana Mukhwana akaweka kidole kwenye ndevu. "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Hata sikusita.

Ingekuwa aibu yangu peke yangu nisingejali sana. Lakini palikuwa na Nekesa.

Nekesa alikuwa kidato cha nne, na katika kufundisha kwangu kote sijapata kichwa kama kile. Unamwandikia swali ubaoni, kabla hujageuka amekwisha jibu, na akikuona umekosea (nilikosea mara mbili tu, tafadhali) anakohoa kidogo ili usiaibike mbele ya darasa. Alikuwa amepata nafasi ya Form Five katika shule ya bweni ya wasichana, mbali kidogo, na babake, Mzee Makokha, alikuwa amekataa. Huyu Makokha alikuwa mkulima mkubwa wa miwa, mwanakamati wa shule, mtu wa kofia na maneno machache. Watu wa Lugari walikuwa wamekuja kumposa Nekesa na ng'ombe walikuwa wameshatajwa. Nilienda kwake mara tatu nikiimba ule wimbo wangu, kwamba hesabu haina msichana wala mvulana. Mara ya tatu akaniambia hivi:

"Mwarimu, mimi sikusoma. Lakini huyo mzungu wako wa medari akikuja, umuurize mbere yangu. Akisema hesabu ni kazi ya mtoto msichana, Nekesa ataenda. Akisema hapana, usikanyage hapa kwangu tena."

Nikampa mkono papo hapo. Kwani mwanahisabati gani angesema hapana? Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha. Wazazi wamejaa chini ya turubai, kwaya imevaa sare, wavulana wa kidato cha nne nimewapanga mstari wa mbele na madaftari yao, na Nekesa nimempa kazi ya kubeba maji ya kunawa na sahani, maana mgeni lazima ahudumiwe na mtu mwenye adabu (ndivyo nilivyojiambia). Saa tano tukasikia Landrover ya wageni imezuiwa barabarani na tela la miwa lililopinduka, kwa hiyo wanakuja kwa miguu. Halafu tukawaona. Mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, anachechemea. Nyuma yake mwanamke wa miaka kama thelathini, suruali imelowa tope hadi magotini, amebeba mikoba miwili.

Ndevu zilikuwa fupi kuliko za pichani, nikasema amezipunguza kwa sababu ya joto letu.

Nilimkimbilia yule mzee na shada la maua nikamvisha, kwaya ikapasuka, akina mama wakapiga vigelegele, mzee akabaki amefungua macho kama mtu aliyeamshwa. Yule mwanamke akaninyooshea mkono, akaanza kusema kitu kwa Kiingereza, "Samahani, mimi ndiye..." nami nikaupokea mkono wake kwa heshima zote, nikasema karibu sana madam, karibu, nikamkabidhi moja kwa moja kwa Mama Rosa, mpishi wetu. "Mama, mtafutie maji ya miguu, na chakula asikose." Mama Rosa akamshika kiuno akaenda naye jikoni. Nilijiona mtu wa mipango kweli kweli.

Tukala. Mnajua ingokho, kuku wa mgeni, alivyo kwetu, firigisi haiendi kwa mtu mwingine. Nilimletea mzee firigisi mimi mwenyewe kwenye kisahani chake, nikamweleza kwa Kiingereza kirefu heshima iliyo ndani yake, akatabasamu akala. Nikamwongeza paja. Akala. Bwana Mukhwana akamwongeza kidari. Mwenyekiti wa kamati naye hakutaka kuachwa nyuma. Niligundua mzee si mtu wa kuongea, ukimwuliza kitu anacheka tu na kutikisa kichwa, nikawanong'oneza wenzangu kwamba vichwa vikubwa huwanga hivyo, maneno wameyaacha, wako na namba tu ndani.

Nekesa akaja na birika la maji na beseni kuninawisha. Akainama karibu sana na sikio langu. "Mwalimu, yule mama ako jikoni..."

"Kama hana kijiko, mpe kijiko."

"Si kijiko, Mwalimu. Yeye ndiye..."

"Nekesa!" nikamkata, tena kwa ukali. "Leo ni siku yako. Usiniharibie."

Akamwaga maji, akaenda. Haki, nikikumbuka hapo natamani kujizaba kofi.

Baada ya chakula nikamwomba mgeni atuandikie kitu ubaoni, chochote kutoka kwenye kazi iliyompa medali. Nikamtia chaki mkononi na kumwonyesha ubao. Mzee akafikiri, akachora mviringo mrefu mrefu, juu yake akakata mistari mitatu iliyolala upande mmoja, akarudi kukaa. Wavulana wakaanza kunakili mbio mbio. Nami, Mungu anisamehe, nikasimama nikaeleza. Nilieleza kwa muda mrefu, marafiki zangu. Nikasema hii ni duaradufu iliyokatwa na mistari sambamba, na kwamba nafasi kati ya hiyo mistari ndiyo siri yenyewe, na kwamba sisi walimu wa kawaida hatuwezi kuifikia yote lakini tunaweza kuikaribia. Mzee akawa anatikisa kichwa kwa furaha kila nikigusa ule mchoro. Watu wakapiga makofi.

Ndipo Mzee Makokha akasimama na kofia yake mkononi. "Mwarimu. Ni saa ya rire swari."

Nikajua saa imefika. Nikawatangazia wazazi lile swali kwa Kiswahili kwanza, kisha nikamgeukia mgeni kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya kanisani: Profesa, kuna binti hapa mwenye akili sana, je, inafaa aendelee na hesabu? Na wakati huo huo (sikumwona, nawaapia) mwenyekiti wa kamati alikuwa amesimama kando yangu na sahani nyingine ya kuku.

Mzee akashika tumbo. Akatikisa kichwa. Akapunga mikono yote miwili, na kwa Kiingereza cha kuokoteza akasema, "Hapana, hapana. Basi. Imetosha."

Hapana? Mtu wa medali amesema hapana? Kila mtu aliyejua Kiingereza alisikia, na asiyejua aliona mikono. Kabla sijapata kuuliza tena, Mzee Makokha akavaa kofia yake taratibu. Hakuwa na furaha, mniamini, alionekana kama mtu aliyetarajia jibu lingine. "Nimesikia," akasema. "Asante. Watu wa Rugari watakuja Jumamosi."

Pakasikika kishindo. Birika. Nekesa alikuwa amesimama kwenye kona ya turubai, maji yanamwagikia viatu, na msichana huyo ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti akapaza.

"Mwalimu, umeuliza babake! Mwenye medali ako jikoni, anakula mrenda!"

Woi! Jamani! Mimi bado sikuelewa, akili ilikataa kabisa, nikasema kwa upole wa kijinga, "Nekesa, mama yule ni mtu wa familia tu." Akasema, "Profesa ni yeye! Medali nimeishika na mkono wangu! Amenifundisha tangu saa sita, kwa makaa, kwenye sakafu ya Mama Rosa!"

Na hapo akatoka jikoni Profesa Halvik mwenyewe, vidole vyeusi kwa makaa, anauliza kuna nini, nani ameumia. Nyuma yake Mama Rosa ameshika mwiko. Bwana Mukhwana alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akaketi chini kwenye kiti ambacho hakikuwepo. Tulimwinua wanne.

Profesa akatoa kitambaa mfukoni akakifungua, na medali ikawa pale, dhahabu, ina sura ya mtu wa kale, haizidi kiganja. Nilishika meza. Nilikuwa nimeiota medali ile miaka yote ya ualimu wangu, na ilipokuja shuleni kwangu nikaipeleka ikaoshe miguu! Nikaanza kuomba msamaha, naomba hata sijui naomba kwa lugha gani, naye akashangaa kuliko mimi. Akasema hakukasirika hata kidogo, alidhani ndiyo desturi yetu, kwamba huku mshindi akija anayevishwa maua kwanza ni mzazi wake, na alikuwa ameona ni desturi nzuri sana. Kisha macho yake yakafika ubaoni, akacheka hadi akajishika mbavu. "Baba amewachorea mkate wake! Ameoka mikate miaka arobaini."

Wavulana wa mstari wa mbele wakatazama madaftari yao. Mmoja akaanza kufuta.

Nilidhani nimefika mwisho wa aibu. Bado. Mzee Makokha alikuja akasimama mbele yangu, karibu sana, na hakupiga kelele.

"Mwarimu, umekuja kwangu mara tatu. Umeniambia hesabu haina msichana na haina kijana. Mimi nisiyesoma nikakataa, ukaniona mjinga. Sasa wewe mwenye kusoma, uriyemngoja huyu mama mwezi mzima, umemuona na macho yako, ukamtuma jikoni. Mimi ungetaka niamini nini?"



Nikataka angalau nimtafsirie, nimwulize Profesa lile swali upya, nikapiga hatua. Makokha akaniwekea mkono kifuani. "Si wewe. Nekesa ndiye atatafsiri." Akamgeukia binti yake. "Murize huyu mama, siku arisema anataka kuenderea na hesabu, huyu mzee wake arisema nini?"

Nekesa akauliza kwa Kiingereza. Profesa akamwuliza babake kwa lugha yao. Mzee wa mikate, na shada bado shingoni, alijibu akitazama chini. Maneno yakarudi, lugha yao hadi Kiingereza, Kiingereza hadi kwa Nekesa, na Nekesa akayasema akimtazama babake.

"Anasema alimkatalia. Miaka miwili alimweka dukani auze mikate. Shangazi yake ndiye alimtorosha kwenda shule. Anasema siku ya medali watu wote walikuwa wanampongeza yeye baba, na yeye hakuwa amempeleka mahali popote. Anasema siku hizi kila safari anafuatana naye kwa sababu hataki kukosa kitu tena."

Yule mzee hakujua tulikuwa tumemwuliza kwa sababu gani. Aliona tu mzazi mwenzake amesimama na kofia mkononi. Alivua shada lake la maua, akachechemea hadi kwa Profesa, akamvisha. Mama Rosa alianza kulia kwanza, kisha kina mama wote.

Makokha akavuta pumzi. "Nekesa," akasema, "watu wa Rugari nitaongea nao. Utaenda." Kisha akaondoka akipita katikati ya kwaya, hakutaka tumwone uso. Na Profesa akaletewa kuku, lakini alikuwa ameshashiba mboga ya mrenda na obusuma, ugali wetu wa huku, akasema hajapata kula vizuri hivyo tangu atoke kwao. Mimi sikula kitu siku mbili.

Bila shaka nikapewa jina. Profesa wa Mkate. Hata watoto wa darasa la kwanza wa shule ya msingi walinichorea duaradufu njiani. Hilo nililizoea, jina si kidonda.

Siku Nekesa alipokuwa anaondoka kwenda Form Five nilienda pale Malava, kwenye stendi ya basi, kumuaga. Alikuwa na sanduku lake la bati na babake kando yake, kofia kichwani. Nikaanza tena hotuba yangu ya msamaha, kwamba nilimkosea mgeni, kwamba picha ilinidanganya, kwamba Kifaransa si lugha ya kuamini. Akanisikiliza hadi mwisho, ile adabu yake. Kisha akakohoa kidogo.

"Mwalimu, ya Profesa yameisha. Mimi kuna kitu nilitaka tu kukuuliza. Ile siku wavulana walikaa mbele na madaftari. Mbona mimi ulinipa birika?"

Nikamtazama. Alikuwa anauliza swali tu, kama anavyoulizanga darasani, anangoja jibu. Mzee Makokha naye alikuwa anangoja. Nilifungua mdomo nikatafuta, nikatafuta, nikasema, "Safari njema, mwanangu."

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na wageni wamekuja wengi, wakaguzi, maaskofu, hata mkuu wa wilaya. Msichana wa darasa langu habebi maji siku ya wageni. Wageni wananawishwa na mimi, kwa mkono wangu, huku wanafunzi wangu wote wamekaa na madaftari yao, na watu huwanga wanacheka wakiona mwalimu mzima na suti anazunguka na beseni. Wacheke tu.